Nani Anawafukuza?

Nilipomweleza Thoya kwamba Jumamosi tutakimbia
kutoka Mambrui mpaka Malindi, watu sitini na wawili,
kwa ajili yake na wenzake wa tanurini,
aliacha kukanda, akanitazama kwa huruma:
"Nani anawafukuza?"

Sikuwa na jibu.
Mimi ni mtu wa kaunta. Nauza misumari na rangi
dukani Barani, nakaa tangu saa mbili asubuhi,
na viatu vya mbio nimeazima kwa mpwa wangu,
kidole gumba kinachungulia kama jirani mmbea.

Nikazunguka na karatasi ya ahadi.
Abdulbasit wa bucha akaandika hamsini kila kilomita,
akacheka mpaka shoka likamponyoka:
"Mbio za sakafuni, Umazi, huishia ukingoni.
Na wewe ukingo wako ni daraja la Sabaki."
Mama mmoja wa Kisumu Ndogo akatoa mia mbili taslimu,
akauliza kwa sauti ya chini,
"Ni sadaka ya wale... wale wasiojiweza?"
Hapana, nikasema. Ni mshahara.
Ni tanuri la pili, ni mizani isiyodanganya,
ni mtu wa kuwaonyesha kazi taratibu,
leo, na kesho tena, na kesho kutwa tena,
mpaka mkono ukariri kile ambacho darasani
kilichapiwa fimbo na hakikuingia.
Akanirudishia karatasi.
Mia mbili akaiacha.

Nazikumbuka siku za chumba cha uani.
Wageni wakibisha hodi, baba alimwambia Thoya aingie,
na Thoya aliingia mbio, akibana kicheko,
akidhani ni mchezo wa kujificha.
Akangoja atafutwe.
Wageni walikunywa chai, wakaaga, wakasindikizwa.
Mimi niliosha vikombe.

Jumamosi, basi. Mambrui, umande bado uko majanini.
Kilomita ya nne nilikuwa mzima.
Ya saba, kila kiungo kilikuwa kinanidai.
Watoto wa kando ya barabara walikimbia nasi,
bila viatu, bila ahadi ya mtu yeyote,
wakatupita, wakachoka kutungoja, wakarudi kwao.
Darajani nikasimama.
Nikashika chuma. Chini, Sabaki inapita nzito,
rangi ya chai iliyozidi maziwa.
Nitasema kweli: sikumfikiria Thoya hata kidogo.
Nilipiga hesabu, tisa mara hamsini,
nikaliona lile bucha, nikaona meno ya Abdulbasit,
nikaachia chuma.

Nilifika wa sitini na moja.
Wa sitini na mbili alipanda bodaboda.
Palikuwa na ngoma, na maji, na mtu mwenye kipaza sauti
aliyekuwa bado anashukuru wafadhili;
viti vitano mbele, wenzake Thoya wanne wamevikalia
na fulana mpya zenye mikunjo ya dukani.
Kiti cha tano kitupu.
Nikaanza kumtafuta.

Nilimtafuta nyuma ya turubai, nikamtafuta chooni,
nikauliza walinzi, nikavuka barabara
nikichechemea, mpaka nikafuata pua.
Alikuwa tanurini, unga mpaka viwikoni.
"Thoya! Watu wote wanakungoja wewe!"
"Leo Jumamosi," akasema. "Jumamosi ni boflo mia tatu."
Nikanyoosha mkono. Moja tu, ya moto.
Akaweka kiganja juu yake.
"Thelathini."
Nikapapasa kaptura. Haina mfuko.

Akavuta daftari la madeni, akalamba ncha ya penseli.
Jina langu haliwezi, hakujaribu.
Akachora kiatu, polepole,
na mbele ya kiatu, kidole.
"Utalipa Jumatatu."

Halafu akanipita, akaenda mlangoni,
akachungulia barabara yote, kushoto, kulia,
akarudi akiminya sauti:
"Hawajakukamata?"

Bado, nikasema,
mkate umenijaa mdomoni.